Shilatembo: Lumumba alirudi na jino, Mpolo na Okito hawajarudi

Msafiri anayetoka Kolwezi kwenda Lubumbashi, akishapita Likasi, huipita Shilatembo bila kusimama. Ni hapo porini, usiku wa tarehe 17 Januari 1961, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, Patrice Emery Lumumba, alipigwa risasi pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Leo pana kumbukumbu yake.

Likasi, ikiitwa bado Jadotville, ilikuwa imemfunga Lumumba Januari 1960, kabla hajaachiliwa kwenda Meza ya Duara, Brussels.

Baada ya mauaji, polisi Mbelgiji Gerard Soete aliyeyusha miili kwa asidi, akabaki na jino. Mahakama ya Ubelgiji ililikamata mwaka wa 2016, na familia ikakabidhiwa tarehe 20 Juni 2022. Jeneza lilipitishwa Onalua, Kisangani na Shilatembo, likazikwa Kinshasa siku ya uhuru. Novemba 2024 kaburi lilivamiwa. Serikali ikasema jino liko salama.

Mpolo alikuwa waziri wa vijana, Okito makamu wa rais wa seneti. Familia zao hazijapewa hata jino la kuzika.