Mapaja huumia kwa kushuka mlima, si kwa kupanda

Maswali mengi yanayonifikia siku hizi kutoka Baraka, Mboko na Fizi yanahusu milima. Kwa nini mapaja hutetemeka mtu anaposhuka kutoka nyanda za juu za Minembwe, wakati alipanda bila kutetemeka? Kwa nini maumivu huja kesho yake, na kesho kutwa yakazidi? Kwa nini mtu wa huko juu akishuka sokoni Baraka hurudi kwake akiwa mzima, kisha akalala kitandani wiki ya pili? Karibu kila swali limeletwa na jibu ambalo mwulizaji ameshauziwa: damu imeganda miguuni, upepo mbaya wa mlima, karuho, yaani sumu ya kulishwa.

Tuanze na hewa, kwa kuwa ndiyo inayosingiziwa mengi. Ziwa Tanganyika, ambako Baraka iko ufukweni, liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Minembwe iko kwenye mita 2,400 hivi. Kwa kimo hicho kila pumzi hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na pumzi ya Baraka. Mtu mwenye afya atahema, moyo utakwenda mbio, na usiku wa kwanza huenda akaumwa kichwa kidogo au akakosa usingizi. Ule ugonjwa mkali wa kimo, wa mapafu kujaa maji au ubongo kuvimba, huwapata hasa wanaolala juu zaidi ya hapo, kama kwenye Kilimanjaro au Rwenzori. Huko Ulaya, kwenye milima ya Alps, barabara hupita Galibier upande wa Ufaransa kwa mita 2,642 na Stelvio upande wa Italia kwa mita 2,757. Kila kiangazi maelfu ya watu wa kawaida huzivuka kwa baiskeli na kwa miguu, na hakuna anayewauzia dawa ya upepo mbaya. Wa kuogopa kimo kweli ni mgonjwa wa selimundu: chembe zake nyekundu hujikunja oksijeni inapopungua, na safari hiyo inaweza kumletea maumivu makali ya mifupa. Yeye asipande bila kuongea na daktari.

Sasa mapaja, na hapa naomba uvumilivu, kwa sababu katika fiziolojia yote sijui jambo linalonishangaza kuliko hili.

Unapopanda, msuli wa mbele ya paja hujikaza na kufupika huku ukiuinua mwili. Unaposhuka, msuli huohuo unajikaza tena, lakini safari hii unarefushwa kwa nguvu, maana ndio unaozuia mwili usiporomoke kila goti linapojipinda. Ni kazi iliyo kinyume kabisa. Ndani ya msuli, vijinyuzi vya miosini hushika vya aktini, huvuta, huachia, kisha hushika tena, na kila mzunguko hugharimu nishati. Wakati wa kushuka vishikio hivyo haviachii kwa hiari, bali hunyofolewa na uzito wa mwili, kama wavuvi waliokaza mikono kwenye kamba ya wavu huku mkondo ukiichomoa viganjani. Kunyofolewa hakuli nishati nyingi, ndiyo maana huhemi sana unaposhuka na unadhani unapumzika. Ila nyuzi chache ndizo zinazobeba uzito wote, na zilizo dhaifu hunyooshwa kupita kiasi hadi zikachanika kwa vipande vidogo visivyoonekana kwa macho.

Mwaka 1952 wanasayansi watatu nchini Uingereza, Bernard Abbott, Brenda Bigland na Murdoch Ritchie, walionyesha jambo hili kwa baiskeli. Waliunganisha baiskeli mbili kwa mnyororo mmoja, zikapeana mgongo. Mmoja akasukuma pedali mbele, mwingine akazuia huku pedali zake zikirudi nyuma. Nguvu zilizokutana zilikuwa sawa, lakini mzuiaji alitumia oksijeni kidogo mara kadhaa kuliko msukumaji, hata Bigland, mwanamke mwenye umbo dogo, akaweza kumchosha mwanaume mkubwa bila yeye kutokwa jasho la maana. Kuzuia ni rahisi kwa mapafu, lakini gharama yake hulipwa na nyuzi za msuli.

Malipo yenyewe hucheleweshwa. Baada ya nyuzi kuchanika, kalisiamu huvuja ndani ya chembe, chembe nyeupe za damu huja kusafisha, uvimbe mdogo hutokea, na mishipa ya fahamu huwa mikali. Mambo hayo huchukua saa nyingi, hivyo maumivu hufika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Hakuna damu iliyoganda, kwa hiyo kuchanjwa wembe mapajani hakutoi kitu isipokuwa damu nzuri, na huingiza vijidudu. Wasomi nao waache kuniandikia kwamba ni asidi ya lakti: hiyo huondoka mwilini ndani ya saa moja au mbili baada ya kupumzika, na haiwezi kungoja hadi kesho kutwa ndipo iume.

Wapo pia wanaosema wachuuzi wanaoshuka na kupanda kila wiki hawaumwi kwa sababu ya hirizi. Ukweli ni kwamba msuli ulioshuka mlima mara moja hujijenga upya, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Mteremko mfupi wiki moja kabla ya safari ndefu unatosha kupunguza maumivu sana. Na mteremko una faida zake. Katika Alps za Austria, kundi la mtafiti Heinz Drexel liliwapa watu miezi ya kupanda kwa miguu na kushuka kwa gari la kamba, kisha miezi ya kupanda kwa gari hilo na kushuka kwa miguu. Kupanda kulipunguza mafuta katika damu, na kushuka kuliusaidia mwili kuitumia sukari vizuri zaidi.

Wanaonikera ni wenye sindano. Mtu ameshuka na gunia, amekauka maji, mapaja yanawaka, anapita kwenye kibanda cha dawa anadungwa Diclo (diklofenaki) na Dexa (deksamethasoni) pamoja. Diklofenaki huzuia kemikali zinazolinda njia za damu za figo wakati mwili umekauka, na wakati huohuo figo zimelemewa na takataka za msuli uliochanika. Kumdunga mtu wa namna hiyo ni kuzihujumu figo zake kwa malipo. Dawa ya kweli ni maji, chakula, kutembea polepole, na siku chache. Mkojo ukiwa mweusi kama kahawa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mwenye baiskeli husalimika zaidi mapajani, kwa sababu pedali kwa kawaida humtaka asukume tu. Lakini anayeishikilia baiskeli yenye mzigo isimtoroke mteremkoni anazuia uzito wake na wa mzigo kwa pamoja, naye ataumwa kuliko wote. Anayeipanda na kuteremka nayo ana hatari nyingine: amefika juu na jasho, mahali penye baridi kama nyuzi kumi zaidi ya ziwani, kisha anakaa bila kusukuma na upepo unamkausha. Vidole hufa ganzi, navyo ndivyo vya kushika breki. Waendesha baiskeli wa Alps walizoea kupachika magazeti kifuani chini ya shati kabla ya kuteremka. Fanya hivyo, na kagua raba za breki ukiwa bado juu.

Limebaki swali la mtu wa Minembwe na Baraka, na hili ndilo linaloua. Kimelea cha malaria hukua ndani ya mbu kwa kutegemea joto. Kwenye nyuzi 25 huhitaji kama siku 12. Kwenye nyuzi 18 huhitaji karibu siku 55, na mbu haishi kiasi hicho. Hivyo watu wengi wa juu hukua bila kuumwa na mbu wenye malaria mara za kutosha kujenga kinga. Wapiganaji wa Cuba waliotua Kibamba, ufukweni mwa ziwa, pamoja na Che Guevara mwaka 1965 hawakuwa na kinga pia, na homa iliwaangusha wengi. Mtu wa juu akilala Baraka siku mbili anaweza kuumwa na mbu asijue. Kimelea hukaa kwanza kwenye ini, na homa huanza baada ya wiki moja au mbili, akiwa ameshafika kwake mahali ambapo hakuna anayewaza malaria. Hapo ndipo anatajwa mwenyeji aliyempa chakula Baraka, inasemwa ni karuho, na mganga anamtapisha siku tatu. Malaria ya falsiparamu haisubiri siku tatu. Nimechoka kusikia majirani wakishutumiana kwa sumu wakati kipimo cha tone moja la damu kingetoa jibu ndani ya dakika 20.

Mama mmoja ameuliza kama anaweza kushuka na mtoto wake aliyezaliwa juu. Anaweza, njia ikiwa salama, na usalama wa njia wenyeji wanaujua kunizidi. Mtoto alale ndani ya chandarua kila usiku akiwa ziwani. Akipata homa yoyote ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, apimwe siku hiyohiyo, na mama amwambie muuguzi kabla hajaulizwa kwamba walilala Baraka.