Mkwaju alitoka wapi?

Muulize mama au mjomba wako kuhusu Mkwaju. Si mti, wala si juisi ya Ramadhani. Ni dereva wa lori ambaye hakuwahi kuzaliwa, lakini watu walimsengenya kama jirani.

Mkwaju alikuwa mhusika wa Twende na Wakati, mchezo ulioanza kurushwa mwaka 1993 na Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo siku hizi ni TBC Taifa. Ulisikika mara mbili kwa wiki, jioni. Mkwaju alikuwa na mke, Tunu, na nyumba ndogo huko njiani aliposimamisha lori. Mwishowe alipata Ukimwi akafa.

Je, mwandishi alikaa chini ya mwembe akamwota? Wapi! Kwanza wananchi waliulizwa wanavyoishi na wanavyofikiri kuhusu ndoa, uzazi na Ukimwi. Ndipo wahusika wakatungwa. Mtindo huu ulibuniwa miaka ya 1970 na Miguel Sabido, mtunzi wa tamthilia za televisheni huko Meksiko. Kwake wahusika ni wa aina tatu: wanaotenda mema, wanaotenda mabaya, na wanaoyumba katikati. Huyo wa katikati ndiye mwenye mchezo. Tunu alivumilia weee, kisha akamwacha Mkwaju akaanza biashara yake ndogo.

Jaribu mwenyewe. Tuseme mchezo wako unatokea Mbweni. Asha yuko kidato cha tatu. Kituo cha daladala ni mbali na kwao, na kijana mmoja wa bodaboda humpa lifti kila asubuhi. Ukimfanya Asha akatae siku ya kwanza, mchezo umekwisha na msikilizaji anazima redio. Mwache apande. Mwache afurahi, maana jua la Dar unalijua. Wiki ya tatu kijana anasema, "Lifti si za bure, mrembo." Hapohapo katisha! Darasa zima litabishana hadi kipande kijacho. Je, Asha amsikilize shangazi yake anayekaanga samaki, aliyemwambia "ukibanwa, njoo kwangu"? Au rafiki yake anayesema, "Kubali tu, kwani utapungukiwa nini?"

Lakini angalia, wahusika wana ujanja wao. Huko India, mwaka 1984 hadi 1985, televisheni ilionyesha tamthilia ya Hum Log. Ndani yake kulikuwa na mama aitwaye Bhagwanti, aliyeonewa na mume akanyamaza. Watunzi walitaka watazamaji waseme: hapana, mke asiishi hivi. Kumbe watazamaji wengi walimwona yeye ndiye mke wa kuigwa!

Sasa, tutajuaje kama mchezo ulisaidia, na si kuchekesha tu? Kwa Twende na Wakati walifanya jambo la akili. Kuanzia 1993 hadi 1995 mtambo wa Dodoma haukuurusha. Ulirusha vipindi vingine. Watafiti wakawauliza watu wa Dodoma na wa sehemu zilizousikia. Sehemu zilizousikia, watu wengi zaidi walisema wamepunguza wapenzi, wanatumia kondomu au wameanza uzazi wa mpango. Baada ya 1995 Dodoma nayo ikasikiliza, na huko pia mambo yakaanza kubadilika.

Wakati ule kifo cha Mkwaju kilikuwa kweli tupu. Dawa za ARV zilianza kutolewa bure Tanzania mwaka 2004. Leo ukimuua haraka hivyo, msikilizaji atauliza: mbona hakupima, mbona hakuanza dawa? Akizimeza kila siku bila kuruka, virusi hufubaa, na anaweza kuendesha lori mpaka uzeeni. Kwa hiyo mwandishi wa leo ana kibarua kigumu zaidi. Mkwaju ni mzima, amenenepa, amesimama mlangoni kwa Tunu anapiga hodi. Afunguliwe?