KOLESTRO NZURI: Usiringie namba, uliza kama inapiga kazi!

Mwakeye, msomaji wangu! Hiyo ndiyo salamu ya kwetu Kasulu na Kibondo, na najua ukiisikia pale Kariakoo unaanza kucheka kabla hata hujaitikia. Cheka tu, ruksa. Ila leo nina ishu ambayo mabrazameni wa mjini na wazee wa Uha wameshikana mikono kukosea: kolestro, au lehemu kama wataalamu wetu wanavyoiita.

Siku hizi mtu akipimwa damu anatembea na karatasi mfukoni kama cheti cha kidato cha nne. Ukimwambia apunguze kitimoto anakukunjulia karatasi: "Soma mwenyewe, nzuri yangu iko juu!" Nzuri anayoisema ni ile inayoandikwa HDL. Mbaya ni LDL, ile inayojipenyeza kwenye kuta za mishipa ya damu na kuganda humo. Tumeaminishwa kwamba nzuri ikiwa nyingi basi moyo una mlinzi getini, usiku na mchana.

Baba yangu mdogo wa Kibondo naye alikuwa na karatasi ya aina hiyo. Mzee hana kitambi, anapandisha vilima na baiskeli yenye gunia la maharage, na HDL yake ilikuwa safi kabisa. Doa lake moja ni sigara, anavuta tangu ujana. Alfajiri moja kifua kikambana kama kimewekewa jiwe, jasho jembamba likamtoka, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Zahanati ya kwanza aliyofikishwa wakampa dawa ya gesi! Baadaye sana ndipo akaambiwa ulikuwa mshtuko wa moyo. Alipona, Mungu mkubwa, lakini nilipokwenda kumpa pole aliniuliza swali lililonishinda pale pale: "Mwanangu, sasa hii nzuri yangu ilikuwa wapi siku ile?"

Nikaanza kutafuta. Haya ndiyo niliyoyapata.

MZIGO SIYO KAZI

Chukulia HDL ni mikokoteni. Ndani ya kuta za mishipa wamo askari wa mwili wanaokula mafuta yaliyokwama humo. Wakila sana wanavimba, wanashindwa hata kutembea, na rundo lao ndilo linaloziba njia ya damu. Mkokoteni wa HDL unapita, unampunguzia askari mzigo wake, unaupeleka kwenye ini, na ini linautupa kupitia nyongo. Hiyo ndiyo kazi iliyoipa HDL jina la "nzuri".

Sasa sikia utamu. Kile kipimo cha maabara hakihesabu mikokoteni, wala hakiangalii inakwenda mwendo gani. Kinapima mzigo uliomo ndani yake tu! Mkokoteni uliojaa pomoni lakini umepaki na pancha, maabara inausoma kuwa ni sifa. Mdogo, mtupu, unaokimbia mbio kuokota uchafu, hauonekani kwenye karatasi. Hapo ndipo wengi tunapoingizwa mjini.

Wala siyo sisi peke yetu. Mwaka 1977 watafiti wa mji wa Framingham kule Marekani, ambako watu wamekuwa wakifuatiliwa mioyo yao tangu 1948, walitangaza kwamba wenye HDL nyingi hawashikwi sana na ugonjwa wa moyo. Ilikuwa kweli, na bado ni kweli kwamba HDL ikiwa chini sana ni dalili ya hatari. Makampuni ya dawa yakanusa dili: tutengeneze kidonge cha kupandisha HDL, tule nchi.

Pfizer wakaja na torsetrapibu. Walikijaribu kwa watu zaidi ya 15,000, na HDL ikapanda kwa asilimia 72. Kinoma! Desemba 2006 jaribio likasimamishwa ghafla, maana waliokuwa wakimeza kidonge hicho walikuwa wanakufa kuliko wasiomeza: 93 kwa 59. Roche nao wakaleta ndugu yake, dalsetrapibu, wakawapa watu waliotoka kuugua moyo muda si mrefu. HDL ikapanda, mshtuko haukupungua hata kidogo, na mwaka 2012 wakafunga virago. Hesabu za kwenye karatasi zilipendeza, mioyo ikaendelea kugoma.

Ndipo wajanja wakaanza kuuliza swali la baba mdogo. Mwaka 2011 watafiti wa Philadelphia walichukua damu ya watu, wakaiweka pamoja na chembe hai zilizojazwa kolestro, wakapima HDL ya kila mmoja inavuta kiasi gani. Yaani waliipima kazi yenyewe. Wale ambao HDL yao ilikuwa inavuta vizuri walikuwa na mishipa yenye nafuu, hata ukiweka pembeni namba yao ya kawaida. Mwaka 2014 wenzao wa Dallas wakatoa matokeo ya watu 2,924 waliofuatiliwa miaka kama tisa: robo ya juu kwa uchapakazi wa HDL walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 67 kuliko robo ya chini. Hiyo siyo tofauti ya kubahatisha.

IKICHACHA INAKUWAJE?

Hapa ndipo panaponitisha. HDL siyo mafuta matupu, ina protini inayoishikilia kama fremu ya mkokoteni. Mwili ukiwaka moto wa ndani, na mshtuko wa moyo ni moto hasa, chembe nyeupe za damu zinamwaga kemikali kali zinazoiunguza fremu hiyo. Ini nalo linatoa protini nyingine ya dharura inayopanda kwenye mkokoteni na kuisukuma ile ya mwanzo nje. Unabaki na HDL jina tu. Haivuti mzigo vizuri, na ile kazi yake nyingine ya kuisaidia mishipa kulegea ili damu ipite nayo inalala. Mwaka 2011 hiyo hiyo, watafiti wa Zurich walionyesha kwamba HDL iliyotoka kwa wagonjwa wa mishipa ya moyo ilishindwa kuziamsha kuta za mishipa, wakati ile ya watu wazima wa afya ilizifanya zitoe gesi yake ya kulegeza kama kawaida. Sigara na kisukari navyo vinachakaza vile vile, pole pole, miaka kabla ya siku yenyewe.

Kwa hiyo, baba mdogo, nzuri yako ilikuwepo. Ilikuwa juu ya mawe!

Usikimbilie kuuliza dawa ya kuitengeneza, maana nimeshaitafuta. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa ambalo wagonjwa zaidi ya 18,000 waliotoka kupata mshtuko wa moyo waligawanywa, nusu wakitundikiwa dripu za ile protini ya HDL yenyewe, mara moja kwa wiki kwa wiki nne. Baada ya siku 90, waliopata mshtuko mwingine, kiharusi au kufariki kwa moyo walikuwa asilimia 4.8 upande wa dawa na 5.2 upande wa pili. Wataalamu wakasema tofauti hiyo haitoshi kushangilia. Na kile kipimo cha kazi cha Philadelphia ni cha maabara za utafiti. Ukienda kukiulizia Maweni au Muhimbili utaonekana umetoka sayari nyingine.

NA MAWESE JE?

Nilijua utafika hapa. Mtu wa Kigoma hawezi kusikia neno mafuta asiulize mawese. Ukweli ni kwamba karibu nusu ya mawese ni mafuta yale mazito yanayopandisha kolestro mbaya. Yanapandisha na nzuri kidogo pia, na wapo washabiki wanaolitangaza hilo sokoni Kasulu kwa sauti kubwa, lakini umeshaona namba ya nzuri inavyodanganya.

Lakini nisiwauze Waha bure. Bibi zetu walikula mawese na ugali wa muhogo, maharage na kisamvu, wakalima vilima kwa jembe la mkono. Daktari Hugh Trowell alifika Afrika Mashariki mwaka 1929, na ilikuwa mpaka 1956 ndipo yeye na mwenzake walipoandika kwenye jarida la madaktari wa huku habari ya Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mmoja! Mchikichi ulikuwepo siku zote hizo. Kilichoongezeka ni presha, kisukari, sigara, umri mrefu, na bodaboda mpaka chooni.

Na wewe wa mjini unayewacheka, hebu jiulize chipsi mayai zako zimekaangwa na nini. Mafuta mengi ya kupikia tunayoagiza nje hutoka Malaysia na Indonesia, na ni mawese yale yale, yamechujwa mpaka wekundu ukaisha. Wekundu huo ndio uliokuwa na faida ya vitamini A. Yaani umenunua ubaya, faida ukamwachia mwenye kiwanda!

Baba mdogo hivi sasa hana habari na HDL. Ameacha sigara, na hilo nalishuhudia kwa sababu gubu alilokuwa nalo miezi miwili ya kwanza halina mfano. Anameza aspirini na statini, kidonge kinachoshusha ile mbaya, ambacho tofauti na vile vya kupandisha nzuri kimethibitika kuokoa watu. Presha anapima kila mwezi. Mawese anakula, kijiko badala ya upawa.

Kinachonikosesha usingizi ni ile dawa ya gesi. Watafiti waliokaa mapokezi ya dharura KCMC, Moshi, walikuta kati ya watu 681 waliofika na maumivu ya kifua au kukosa pumzi, zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa na mshtuko wa moyo, na wengi wao hawakutambuliwa. Matokeo yalitoka 2020. Hiyo ni hospitali ya rufaa, jirani na lami. Sasa fikiria wa kijiji cha ndani kabisa Kibondo, saa tisa usiku, mvua inanyesha. Kifua kikibana zaidi ya dakika chache, na jasho, na maumivu yakapanda taya au mkono, usikubali kurudi nyumbani na dawa ya gesi kabla hujafungwa zile waya za kipimo cha umeme wa moyo. Ni kipimo cha dakika kumi tu, na hakiumi.

Wa Kasulu mnaotaka kunirushia michikichi kwa sababu ya mawese, foleni ianze wiki ijayo. Leo nimealikwa migebuka.