Simu katika shule za bweni: katazo linafanyaje kazi?

Karibu kila fomu ya kujiunga na sekondari ya bweni nchini Tanzania ina sharti linalofanana: mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu. Mzazi husoma, huweka sahihi, na mjadala huishia hapo hadi siku ya msako. Kabla ya kuuliza kama sharti hilo linafaa, tuangalie kwanza linakataza nini hasa.

Katazo la simu linaweza kulenga mambo matatu. La kwanza ni kutumia simu wakati wa kipindi. La pili ni kuwa nayo katika eneo la shule, hata ikiwa imezimwa. La tatu ni kuwasiliana na watu wa nje bila shule kujua. Shule ya kutwa hushughulika na mawili ya mwanzo, na mamlaka yake hukoma mwanafunzi anaporudi nyumbani. Shule ya bweni hukataza yote matatu kwa pamoja, usiku na mchana, tangu shule inapofunguliwa hadi likizo.

Tofauti hiyo ina uzito tunaposoma tafiti za nje. Mwaka 2015 wachumi Louis-Philippe Beland na Richard Murphy walichapisha uchambuzi wa shule 91 katika miji minne ya Uingereza. Walikuta kwamba baada ya simu kuzuiwa, alama za mitihani zilipanda kidogo, na walionufaika zaidi ni wanafunzi waliokuwa nyuma kimasomo. Mwaka 2020 watafiti wa Sweden waliuliza swali hilohilo kuhusu shule za kwao, wasione badiliko lolote la maana. Kwa hiyo tunachoweza kusema kwa uhakika ni kidogo: kuondoa simu darasani kunaweza kumsaidia mwanafunzi dhaifu, lakini msaada huo hautokei kila mahali. Tena katika nchi hizo mbili, watoto wengi hulala kwao, na jioni simu zao huwa mikononi.

Kuhusu darasani sina ubishi. Ujumbe ukiingia katikati ya hesabu, akili huhama, na kurudi kwake si papo hapo. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 inataja kwamba mwanafunzi anaweza kuhitaji hadi dakika 20 ili atulie tena katika somo. Kipindi chenyewe kina dakika 40.

Bwenini mambo ni mengine. Simu iliyofichwa haiwezi kutumika mchana, hivyo hutumika usiku, baada ya prepo, yaani masomo ya jioni, taa zikishazimwa. Mwenye nayo huiazimisha au huikodisha kwa wenzake, na asubuhi usingizi unawaelemea katika kipindi cha kwanza. Inahitaji chaji pia. Mabweni mengi hayana soketi, basi mwanafunzi huchuna nyaya mbili, akazichomeka kwenye holda ya balbu, na ncha zake akazifunga kwenye meno ya chaja. Chini ya nyaya hizo kuna vitanda vya ghorofa, magodoro ya sponji na vyandarua.

Halafu simu inahitaji laini, na hapa ndipo ninapoomba wazazi wasome taratibu. Laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Kitambulisho cha taifa kimekuwa kikitolewa kwa mtu aliyetimiza miaka 18. Mwanafunzi wa kidato cha pili hajafika huko, kwa hiyo nyuma ya laini yake, kwa kawaida, yupo mtu mzima. Anaweza kuwa dada yake au mjomba. Anaweza pia kuwa mwanamume aliyemnunulia binti simu, akamsajilia laini, na kila wiki anamtumia vocha. Siku atakapodai malipo, binti huyo aende kwa nani? Akimweleza matroni, atakuwa amekiri kosa la kuwa na simu, na adhabu yake huenda ikawa kusimamishwa masomo. Usiri ambao katazo linauzalisha unampa nguvu mtu yuleyule ambaye shule ilitaka kumzuia.

Ukali wa adhabu hulikaza fundo hilo. Oktoba 2019, katika Shule ya Sekondari Kiwanja wilayani Chunya, Mkuu wa Mkoa wa Mbeya wa wakati huo, Albert Chalamila, aliwachapa viboko wanafunzi 14 waliotuhumiwa kukutwa na simu na kuchoma mabweni mawili. Wengi walishangilia. Lakini kanuni za viboko shuleni za mwaka 2002 zinataja wa kuchapa: mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua, viboko visizidi vinne, na tukio liandikwe. Mkuu wa mkoa hayumo. Kuchoma bweni ni jinai, na kuna njia ya kuishughulikia. Kuichanganya na kosa la kumiliki simu kunawafundisha watoto kuificha simu kwa ustadi zaidi.

Yapo pia mahitaji ya kweli. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, baadhi ya walimu walituma notisi na maswali kwa WhatsApp. Hitaji hilo la masomo linaweza kukidhiwa na chumba cha kompyuta chenye msimamizi, na ni haki zaidi hivyo, kwa kuwa simu ya mfukoni humfaa mwenye mzazi wa kununua bando. Kuongea na nyumbani ni hitaji jingine. Simu moja ya matroni kwa mabinti mia kadhaa, tena Jumapili tu, haitoshi. Baadhi ya shule za bweni nchini Kenya zimeweka simu za kadi kwa wanafunzi.

Baada ya hayo, maoni yangu ni kwamba katazo libaki darasani na mfukoni, ila lisiwe njia pekee. Shule iweke simu za wazi zenye ratiba, na namba za nyumbani ziandikwe na mzazi siku ya kuripoti. Mwanafunzi anayesalimisha simu kwa hiari asiadhibiwe. Na simu ikikamatwa, kabla ya kufikiria fimbo, mwalimu wa malezi aulize kwa upole laini imesajiliwa kwa jina la nani na vocha inatoka wapi. Jibu likitia shaka, suala hilo liende kwa mzazi na dawati la jinsia la polisi, na mtoto aendelee na masomo.