Mafundi wa mabati: mkunjo mzuri hushinda unene

Katika miji kama Goma na Bukavu, fundi anayetengeneza sanduku la mizigo la pikipiki hukutana na swali lilelile: bati la unene gani litavumilia barabara za mawe? Wengi huchukua bati nene ili wawe na uhakika. Mteja analipa zaidi, pikipiki inabeba uzito usiomwingizia pesa, na mafuta yanakwisha mapema. Lakini kuna njia nyingine: kuchukua bati jembamba la alumini na kulikunja kwa akili.

Sababu yake inaonekana hata kwenye karatasi ya daftari. Ukiishika upande mmoja, inainama yenyewe. Ukiikunja mikunjo midogo ya kupanda na kushuka, inanyooka na kubeba kalamu. Karatasi haikuongezeka, ni umbo tu limebadilika.

Bati la alumini la mita 1 ya mraba na unene wa milimita 1 lina uzito wa kilo 2.7. La chuma la kipimo hicho linakaribia kilo 7.8. Hata hivyo, kwa unene sawa, alumini hupinda karibu mara 3 zaidi ya chuma. Kwa hiyo anayetaka wepesi wake lazima alipe kwa umbo.

Tuchukue kipande chenye upana wa santimita 10 na unene wa milimita 1. Ukiongeza unene mara 2, ugumu wake unapanda mara 8, lakini uzito na bei pia vinapanda mara 2. Ukiacha unene ule ule na kukunja kingo mbili za urefu kusimama milimita 15 kila upande, kipande kinakuwa kama mfereji, na ugumu wake dhidi ya kuinama unapanda zaidi ya mara 150. Hakuna hata gramu moja iliyoongezeka.

Watengeneza ndege walilijua jambo hili zamani. Mwaka 1919, huko Ujerumani, Hugo Junkers alirusha ndege ya abiria F 13, iliyofunikwa mabati ya aina ya alumini yenye mikunjo kama ya paa la nyumba. Baadaye ngozi ya ndege ilifanywa laini ili upepo usiizuie, na vipande vilivyokunjwa vikafichwa ndani.

Kwa sanduku la mizigo, mafunzo ni yale yale. Kingo za juu zikunjwe, zisiachwe wazi. Ukuta mpana upewe mikunjo myepesi ya msalaba ili usitetemeke. Sanduku lililo wazi hujipinda kwa urahisi kama boksi la viatu lisilo na kifuniko, kwa hiyo pande zake zote zifungwe kwa riveti.

Alumini ina hasira yake pia. Ikikunjwa kwa kona kali, inapasuka upande wa nje. Kwa alumini laini, mviringo wa ndani wa mkunjo usiwe mdogo kuliko unene wa bati, na kwa alumini ngumu uwe mkubwa zaidi. Mstari wa kukunjia usichorwe kwa msumari, kwa sababu mkwaruzo ndio mwanzo wa ufa. Mahali mikunjo miwili inapokutana, tundu dogo litobolewe kwanza. Na mkunjo uliokosewa usirudishwe, maana kila kurudisha kunalichosha bati. Ufa usioonekana leo utafunguka kwa mitetemo ya barabara, na mzigo wa mtu utamwagika njiani.

Anayeanza anaweza kujifunza bila hasara. Akate umbo lote kwenye katoni, alikunje, aliminye kwa mkono na aone linapolegea. Katoni ikiharibika, anachukua nyingine. Bati likiharibika, pesa ya mteja imekwenda.