Njiwa asusa kula Mbeya, apata jiko Iringa

Kama wewe ni wale ambao wakimwona njiwa wanawaza supu tu, leo kaa pembeni kidogo. Hii ni habari ya njiwa mmoja aliyenifanya mimi, mtu mzima mwenye mke na ndevu zangu, nipande basi kutoka Mbeya hadi Iringa nimepakata boksi la sabuni, kwenda kumtafutia mchumba. Ndiyo, mchumba. Cheka kwanza, ukimaliza tuendelee.

Mambo yalianza Juni ya mwaka juzi. Aliyewahi kuishi Mbeya anaijua Juni ya kule. Mji uko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ule upepo wa mlima Loleza ukishateremka usiku, blanketi mbili unaziona kama kanga. Jirani yetu pale Soweto alikuwa anabadilisha paa. Mafundi walipong'oa dari kikadondoka kiota cha njiwa na makinda wawili. Mmoja alikufa pale pale. Wa pili binti yangu, wakati ule yuko darasa la saba, alimuwahi kabla ya paka.

Mtaani wanasema ukimshika kinda kwa mkono basi mama yake atamkataa kwa sababu ya harufu ya mtu. Huo ni uzushi. Njiwa hamkatai mwanawe kwa harufu, na kitu cha kwanza cha kufanya ni kumrudisha kiotani kwake, kazi imekwisha. Sisi kiota hakikuwepo tena. Tukamweka kwenye kikapu juu ya ukuta, karibu na pale walipokuwa wakiishi, tukakaa mbali tukisubiri. Wazazi wakazunguka mara mbili, wakasikia nyundo zinavyolia, wakaenda zao. Jua likazama, baridi ikaanza kuuma. Tungefanyaje?

Sitaki kukudanganya, kinda wa njiwa ni kituko. Domo kubwa kama la kuazima, ngozi ya kijivu, vinyweleo vya manjano vimesimama hovyo kama nywele za mzee aliyeamshwa usingizini. Mama watoto alikiangalia kile kiumbe, akaniangalia na mimi.

"Baba, mtoto ana mtihani Septemba, halafu wewe unamletea ndege?"

Sikuwa na jibu. Binti alikuwa ameshampa jina: Mheshimiwa. Kwa nini? Kwa sababu ana kitambi, anapiga kelele akitaka kula, na hana kazi yoyote anayofanya. Mimi simo, msinitaje.

Usiku ule nusura tumuue mara mbili. Mara ya kwanza ni mimi, nilipotaka kumpa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Bahati nzuri nilimpigia simu mzee mmoja anayeuza njiwa karibu na soko la Mwanjelwa. Swali lake la kwanza lilikuwa kama huyo ni njiwa manga wa kufugwa au wa porini, maana tetere na wale njiwa wakubwa wa misituni, wenye mdomo wa njano, wa huko Rungwe na Udzungwa, ni wanyamapori na sheria ya mwaka 2009 haitaki uwafuge bila kibali. Nikamwambia ni manga, wa kwenye dari. (Hilo jina nalo lina safari yake: Manga ndivyo watu wa pwani walivyoiita nchi ya Waarabu, hasa upande wa Omani.) Ya pili, akauliza nimempa nini. Nikasema ndiyo kwanza nataka kumpa maziwa. Mzee akaguna.

"Weka chini hayo maziwa, mwanangu. Njiwa ana maziwa yake."

Nilidhani ananitania. Kumbe ni kweli tupu. Njiwa, baba na mama wote wawili, hutengeneza kitu kama jibini laini ndani ya gole, ule mfuko wa shingoni, na kinda huingiza mdomo wake ndani ya mdomo wa mzazi kukifuata. Kina mafuta na protini nyingi, lakini hakina ile sukari iliyomo kwenye maziwa ya ng'ombe, ambayo tumbo la ndege haliiwezi. Siku za mwanzo kinda hali kingine chochote. Homoni inayofanya kazi hiyo inaitwa prolaktini, na ndiyo hiyo hiyo inayomsaidia mama wa binadamu kutoa maziwa. Wanasayansi waliitambua miaka ya 1930 kwa kuchunguza gole la njiwa. Kina baba mnaokimbia zamu ya kulea, mmesikia? Njiwa dume ananyonyesha!

Mheshimiwa wetu alikuwa na siku kama kumi hivi. Macho yalikuwa wazi na manyoya yanachomoza kama miiba, kwa hiyo ule wakati wa maziwa matupu ulikuwa umempita. Mzee akatuelekeza: njegere laini zilizochemshwa na kumenywa ganda, za uvuguvugu, unamfungua mdomo taratibu na kumsukumia moja moja nyuma ya ulimi. Akizoea, unaweka njegere zilizopondwa kwenye bomba la sindano lililokatwa ncha, unalivisha kipande cha puto chenye tundu, naye anazamisha mdomo mwenyewe kama kwa mama yake. Maji usimdondoshee mdomoni hata siku moja, maana yakiingia njia ya hewa umemzika. Ukiligusa gole likawa limejaa kama kiputo laini, acha. Mpe tena likishalegea.

Mara ya pili ilikuwa ni baridi, na hapa nisikilize vizuri, wewe unayepanga chumba kimoja Mbeya, Iringa au Makambako. Kinda asiye na manyoya hawezi kujipa joto. Nikaona ujanja ni kuwasha jiko la mkaa, niliingize chumbani, nifunge mlango na dirisha, boksi likae karibu. Mama watoto alilikamata lile jiko mlangoni akalitoa nje na maneno makali ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haionekani, haina harufu, na inamaliza familia nzima usingizini. Ndege angetangulia, binti yangu anayelala chumba hicho angefuata. Nikaishia kujaza maji ya moto kwenye chupa, nikaifunga kwa soksi nzito na kuiweka kwenye boksi, nikawa naamka kila baada ya saa tatu kuibadilisha. Mtu mzima huyo.

Mama watoto ndiye aliyenishangaza. Siku ya nne nikamfuma alfajiri jikoni anamenya njegere, anamwambia ndege, "Haya baba, fungua mdomo, usinicheleweshe kazini."

Baada ya wiki nne hivi Mheshimiwa akaruka kutoka mezani hadi kabatini, akaangusha redio. Akaanza kula mtama na mahindi yaliyovunjwavunjwa, akawa anakunywa mwenyewe. Umewahi kumwangalia njiwa akinywa? Kuku huchota akainua kichwa juu, njiwa huzamisha mdomo akafyonza moja kwa moja kama mtu mwenye mrija wa soda. Manyoya yakatulia, shingo ikang'aa kijani na zambarau. Binti akisoma, yeye yuko begani. Binti akienda dukani, yeye yuko kichwani. Mtaani nikabatizwa Baba Njiwa. Wengine walikuwa wanauliza kwa upole lini anaiva.

Usafi tulizingatia: mikono kwa sabuni kila ukimgusa, kinyesi kinaloweshwa kwanza ndipo kinafagiliwa, maana vumbi lake likikauka si zuri kwa mapafu. Chanjo ya mdondo pia, kwa ushauri wa bwana mifugo. Mdondo hauui kuku peke yao.

Jirani mmoja mama mtu mzima alituambia tuna bahati, kwa sababu njiwa hakai kwenye nyumba yenye ugomvi. Mkigombana anahama. Hiyo imani utaikuta kote, Mbeya hadi pwani. Sina hakika kama ndege anasikia matusi, lakini nakiri kwamba miezi ile nyumbani kwetu watu walipunguza sauti.

Kasheshe ikaja Desemba. Mheshimiwa alikuwa na miezi sita, kijana barobaro. Akaanza kuuzunguka mkono wa binti yangu, kifua mbele, shingo imevimba, anaunguruma na kuinama kama bwana harusi. Nikampigia tena mzee wa Mwanjelwa.

"Huyo amekua peke yake," akasema. "Anajua yeye ni mtu. Na hapo amechagua mke."

Njiwa hawachezi kwenye mapenzi. Akishapata mwenzi kwa kawaida hutulia naye hadi mmoja afe. Na njiwa wa nyumbani akitunzwa vizuri anaweza kufikisha miaka 15 na zaidi. Hesabu hiyo sikuwa nimeipiga siku ile tulipookota kitu cha manjano chini ya ukuta.

Januari binti akaenda kidato cha kwanza, shule ya bweni, Iringa. Zaidi ya kilometa 300.

Siku ya kwanza Mheshimiwa alikaa juu ya mlango akisubiri. Ya pili akadonoa punje tatu. Wiki ikapita, kifua kikaanza kuchongoka. Tukimwekea mkono wangu anaudonoa kwa hasira. Jumapili binti akapiga kwa simu ya matroni, nikaweka sauti kubwa. Mwe! Ndege akashuka kutoka juu, akapanda juu ya simu, akaanza kuizunguka akiunguruma. Binti upande wa pili anacheka huku analia. Simu ilipokatika ndege aliendelea kuizunguka kwa muda mrefu. Mama watoto akatoka nje.

Si mimi tu niliyewahi kuchanganywa na njiwa, msinicheke. Nikola Tesla, yule bingwa wa umeme aliyefariki New York mwaka 1943, alikuwa akiokota njiwa wagonjwa na kuwauguza kwenye chumba chake cha hoteli. Lakini Tesla hakuwa na mtoto bwenini.

Kumwachia mtaani isingefaa. Njiwa aliyelelewa na watu hamjui mwewe, hamwogopi paka, na akimwona mtoto mwenye manati anamfuata begani. Ndipo nikamkumbuka dada yangu wa Iringa, Kihesa, mwenye banda la njiwa na jike mmoja mjane, mumewe alichukuliwa na mwewe. Nikamweleza binti kwenye simu. Akanyamaza hadi nikadhani salio limekwisha.

"Basi mpeleke kwa shangazi," akasema. "Lakini asiliwe."

Februari nikapanda basi. Boksi nimelitoboa matundu, chini nimetandika gazeti (si hili). Konda akataka nilipie nauli ya kuku. Tukabishana kuanzia Uyole hadi Igawa kwamba njiwa si kuku, abiria wakagawanyika kambi mbili, mwishowe nikatoa hela ya soda yakaisha. Makambako upepo ukaingia, nikalifunika boksi kwa koti langu nikatetemeka mwenyewe hadi Mafinga. Ipogolo nikashuka mguu mmoja una ganzi.

"Kamwene," dada akanipokea, huku macho yako kwenye boksi. "Ndiye huyu mkwe?"

Shangazi mtu anajua kazi. Njiwa mgeni haachiwi siku ya kwanza, kwa sababu kichwa chake bado kiko nyumbani. Waliofundishwa hurudi kwao kutoka mamia ya kilometa. Mwaka 1850 Reuter aliwatumia kupeleka bei za masoko kati ya Brussels na Aachen, wakawahi kuliko treni. Mheshimiwa hakufundishwa, kwa hiyo angejaribu kurudi na kupotelea njiani. Akafungiwa kwenye tundu la waya, analiona banda na anga la Kihesa, jike yuko upande wa pili wa waya. Wiki ya kwanza alimpa mgongo. Ya pili wakawa wanakula karibu karibu. Ya tatu dada akanipigia saa moja asubuhi: "Ameunguruma! Kwa ndege mwenzake, siyo kwa simu!" Nikawaamsha nyumba nzima. Machi mwishoni kukawa na mayai mawili.

Aprili ikawa likizo fupi, na shule ikampa binti ruhusa ya siku moja, mwisho wa kuripoti getini saa kumi na moja jioni. Tulifika Kihesa saa sita mchana. Akakimbia bandani na sare yake, mkono mbele, anaita. Mheshimiwa alikuwa kwenye kiota. Akamwangalia. Hakunyanyuka.

"Baba, amenisahau."

Shangazi akamweka chini akamweleza. Kwa njiwa mayai yanalaliwa kwa zamu: dume anashika kama saa nne asubuhi, jike anampokea jioni saa kumi hivi na kulala nayo hadi asubuhi. Siku kama 18, hakuna kutega. Huyo yuko zamu.

Tukakaa. Tukala ugali, tukanywa chai, binti hakula sana. Saa tisa, saa tisa na nusu. Mimi naangalia saa, yeye anaangalia kitundu. Saa kumi kasoro dakika kumi jike akatua, akaingia, wakapishana. Mheshimiwa akatoka, akajinyoosha bawa moja, akanywa maji kwa mrija wake, akala mtama bila haraka, kama kawaida ya waheshimiwa. Halafu akaruka akatua begani kwa binti, akamvuta sikio kwa mdomo kama alivyokuwa akifanya enzi za darasa la saba. Akakaa dakika mbili, pengine tatu. Kisha akapaa juu ya bati walipokuwa wenzake.

Binti akajipangusa bega la sweta ya shule.

"Twende, baba. Nitachelewa geti."