Dawa ndani ya 'sega' la metali: Itatufikia lini?

NYANYA mmoja alifika kwangu hapa Kombewa akiwa na mjukuu wake wa miaka 9 aliyekuwa akitetemeka kwa homa. Kipimo cha damu kilionyesha malaria. Nilipodadisi, nilielezwa kwamba siku chache kabla ya hapo mtoto alikuwa amepewa dawa ya malaria. Alipomeza dozi mbili akapata nafuu, na vidonge vilivyobaki vikafungwa kwenye kitambaa vingoje homa nyingine.

"Daktari," nyanya huyo aliniuliza, "kwani hamwezi kutengeneza dawa ya kumeza mara moja tu, kisha ijigawe yenyewe mwilini?"

Swali hilo si la mzaha. Ndilo linalowashughulisha wanakemia katika maabara nyingi duniani.

Kwa nini dozi sita?

Dawa inayotumiwa kwanza kutibu malaria isiyo kali nchini Kenya ni mchanganyiko wa artemetha na lumefantrini, unaojulikana kama AL. Humezwa mara 6 katika siku 3. Artemetha huua vimelea kwa kasi, lakini baada ya saa chache mwili huwa umeiondoa kwenye damu. Lumefantrini hukaa siku kadhaa ikimalizia vimelea vilivyosalia, ila haiingii vyema damuni bila mafuta. Ndiyo sababu mgonjwa hushauriwa kumeza AL pamoja na chakula au maziwa. Anayekatiza dozi huenda akaacha vimelea vichache vikiwa hai, navyo huzaana upya.

Kwa hivyo, kupona hakutegemei nguvu ya dawa pekee. Hutegemea pia namna dawa inavyoingia mwilini, muda inaokaa na mahali inapofika.

Sega lenye vyumba vidogo

Mwaka 2025, Tuzo ya Nobel ya Kemia ilitunukiwa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi. Walisifiwa kwa kubuni viunzi vya metali na kaboni, ambavyo wataalamu huviita MOF.

Fikiria sega la nyuki. Atomu za metali, kama vile chuma au zinki, huwa kwenye pembe, nazo huunganishwa na molekuli za kaboni mithili ya vijiti. Kinachopatikana ni unga wa fuwele zenye vyumba vitupu vidogo mno. Ukiweza kukunjua kuta zote za ndani za gramu moja tu, zinaweza kufunika uwanja wa kandanda.

Nchini Ufaransa, Patricia Horcajada, Gérard Férey na wenzao walionyesha mwaka 2006 kwamba gramu moja ya unga wa aina hiyo iliweza kubeba gramu 1.4 za ibuprofeni, dawa ya maumivu, na kuiachilia polepole kwa siku kadhaa. Hata hivyo, unga huo ulikuwa na kromiamu, metali inayoweza kudhuru mwili. Mwaka 2010 walitumia chuma, ambacho mwili hukihitaji kutengeneza damu, wakapakia dawa za saratani na aina ya AZT, dawa ya Ukimwi.

Mbona haijafika hospitalini?

Kazi hiyo ilifanywa maabarani na kwa wanyama. Unga ukivunjika haraka mno, humwaga dawa yote kwa pamoja. Chembe zake hukusanyika kwenye ini na wengu, na ni lazima ijulikane metali hiyo inaondokaje mwilini. Majaribio kwa binadamu ni machache, yakiwemo ya unga wa hafniamu unaodungwa kwenye uvimbe wa saratani ili kuongeza nguvu ya mionzi.

Funzo la Kombewa

Hata hivyo, wazo la kubebesha dawa kwenye chombo si geni hapa kwetu. Kati ya 2009 na 2014, Kombewa ilikuwa mojawapo ya vituo 11 barani Afrika vilivyofanya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo yalihusisha watoto 15,459.

Chanjo hiyo ina viputo vidogo vya mafuta viitwavyo liposomu. Hubeba, miongoni mwa vitu vingine, kiini kutoka gome la mti wa Chile. Kiini hicho kikiwa peke yake kinaweza kupasua chembe nyekundu za damu. Ndani ya liposomu hutulia huku kikiamsha kinga. Kenya ilianza kuitumia chanjo hiyo 2019, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa matumizi mapana 2021. Lakini hata chombo hicho hakikuondoa haja ya kurudi kliniki, kwa maana mtoto huhitaji dozi 4.

Msomaji afanye nini?

Ukisikia mtu akinadi unga wa metali unaotibu malaria kwa mara moja, usinunue. Maliza dozi zote za AL hata homa ikishuka. Ukitapika kabla ya nusu saa, rudia dozi hiyo na uende kituo cha afya upewe nyingine ya kufidia. Usiweke akiba ya vidonge. Mtoto akipata degedege, akishindwa kunywa au akilegea, mkimbize hospitalini mara moja.

Nyanya yule hakuondoka na dawa aliyoitamani. Nilimwanzishia mjukuu matibabu upya, tukaandika saa ya kila dozi kwenye pakiti. Siku ya nne walirudi pamoja. Homa ilikuwa imeisha, na pakiti ilikuwa tupu.